Somo la 14: Konokono katika Tangi la Kioo

Je, umewahi kusikia habari za mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kulisha konokono? Asubuhi anafika kazini. Anavaa glavu. Anachukua majani ya saladi na kuwagawia konokono. Anatazama kama magamba yao ni mazima, na kama maji yao yamechafuka anayabadilisha. Konokono wakifa, anaulizwa kwa nini wamekufa.

Watu wenye kazi ya namna hiyo wapo. Wanafanya kazi mahali panapochunguzwa ugonjwa wa kichocho. Huko konokono wa maji hufugwa ndani ya matangi ya kioo.

Jioni moja Bwana Afya alizieleza habari hizi katika darasa la kisomo, katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria. Watu walicheka sana. Mzee mmoja, mvuvi, alisema:

"Bwana Afya, sisi hapa konokono hatuwalishi. Hatuwabadilishii maji. Na bado wamejaa mwaloni. Hao wako wanadekezwa kama kitinda mimba!"

Bwana Afya naye alicheka. Kisha akasema, "Mzee wangu, umesema neno kubwa. Konokono wenu wananenepa. Basi yuko anayewalisha. Leo tumtafute."

Somo hili limetokana na mazungumzo ya jioni ile.

Nyumba ya konokono

Tangi la konokono ni sanduku la kioo lililotiwa maji. Ukilitazama kwa ubavuni unaona kila kitu kilichomo. Konokono anatambaa juu ya kioo kwa tumbo lake. Unaweza kuuona mdomo wake ukifunguka na kufumba. Analamba ukijani mwembamba ulioota juu ya kioo.

Mfugaji huanza na maji. Maji ya bomba mara nyingi yametiwa dawa ya klorini ili kuua vijidudu. Dawa hiyo haimfai konokono. Kwa hiyo mfugaji huyaacha maji wazi katika ndoo kwa siku moja au mbili, dawa ipungue, ndipo ayatie tangini. Pia haweki kitu chochote cha shaba ndani ya maji. Shaba kidogo tu ni sumu kwa konokono. Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile dawa ya buluu ya kunyunyizia mimea. Mrututu una shaba ndani yake. Zamani ulitumika sana kuulia konokono katika mabwawa na mifereji.

Chakula chake ni majani laini. Saladi inamfaa, hasa ikichovywa kwanza katika maji ya moto ikalainika. Lakini kiasi kisizidi. Majani yanayobaki huoza. Yakioza yanaimaliza hewa iliyomo majini, na maji yananuka. Tunaweza kusema kwamba konokono wengi wa tangini hawafi kwa njaa. Wanakufa kwa sababu mwenye kuwafuga amewapa chakula kingi mno.

Halafu kuna gamba. Gamba la konokono limejengwa kwa chokaa. Konokono huipata chokaa hiyo kutoka katika maji na chakula. Maji yakikosa chokaa, gamba linakuwa jembamba. Linapata mabaka meupe na vishimo, na mwisho linatoboka. Mfugaji huweka tangini kipande cha jiwe la chokaa, au chaki, au maganda ya mayai ya kuku yaliyopondwa.

Konokono hawa hawapendi baridi kali wala joto kali. Maji ya nyuzi 25 hivi za Sentigredi yanawafaa. Tena hawapendi kusongamana. Ukiweka wengi katika tangi dogo wanadumaa na kutaga mayai machache.

Mayai yao hukaa pamoja ndani ya ute, kama tone la uji mwepesi uliogandishwa juu ya kioo au chini ya jani. Baada ya siku saba hadi kumi hivi mayai huanguliwa. Wakilishwa vizuri, wale wadogo nao huanza kutaga baada ya wiki chache.

Mama mmoja aliuliza, "Dume ni yupi, na jike ni yupi?"

Bwana Afya akajibu, "Mama, kwa konokono hawa kila mmoja ni dume na ni jike pia. Wakiwa wawili wanapandana. Lakini hata akibaki mmoja peke yake, anaweza kutaga mayai yakaanguliwa."

Darasa zima likapiga kelele. Mama yule akasema, "Kumbe hata kugombana nyumbani hawagombani!"

Hilo la konokono mmoja si jambo la kuchekwa tu. Shikeni kwamba konokono mmoja aliyesalia anatosha kulijaza bwawa upya. Tutalikumbuka huko mbele.

Anayewalisha ni nani?

Bwana Afya alifuta ubao. Akaandika maneno manne: maji yaliyotulia, majani, chokaa, joto. Kisha akamgeukia yule mzee.

"Mzee, hebu tueleze mwalo wetu ulivyo."

Mzee alieleza. Upande wa mitumbwi, mawimbi yanapiga na chini kuna mchanga mtupu. Huko konokono ni wachache. Lakini upande wa matete, wanakofulia akina mama na kuogelea watoto, maji yametulia. Magugu yameota. Mawe yana utelezi wa kijani. Watu wanaosha sufuria na kumwaga makombo ya ugali na mboga. Majani yanaanguka na kuoza polepole.

"Na hao konokono wako upande gani?"

"Wamejaa upande wa matete."

"Basi mzee, ule upande wa matete ndio tangi letu la kioo. Utelezi wa kijani ndio saladi yao. Magugu ndiyo ukuta wa kutagia mayai. Makombo tunawamwagia wenyewe. Jua letu linawapa joto. Tofauti ni moja. Yule mfugaji analipwa mshahara, sisi tunafanya kazi hiyo bure."

Safari hii hakucheka mtu.

Kwa nini wanafugwa

Konokono wa maji ni wa aina nyingi, na si wote wanaobeba kichocho. Katika nchi zetu wa kuangaliwa ni wa namna mbili. Wa kwanza ana gamba bapa, lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa na kulazwa chini. Upana wake ni sentimita moja au kuzidi kidogo. Huyu hukaa kando ya maziwa, mito na mifereji. Hubeba kichocho cha tumbo. Wa pili ni mdogo na gamba lake lina ncha. Ukilisimamisha gamba lake kavu, ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama, mlango huo uko upande wa kushoto. Huyu hupenda madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga. Hubeba kichocho cha mkojo. Bwawa lake likikauka anajificha ndani ya tope na kungoja mvua, hata miezi kadhaa.

Wachunguzi wanataka kujua konokono wa mahali fulani wana vimelea au hawana. Wanamweka kila konokono katika gilasi ndogo ya maji safi, chini ya mwanga. Baada ya saa chache wanayatazama maji yale kwa hadubini. Kama konokono ana vimelea, maji yatakuwa na vijidudu vingi vinavyoogelea, na mkia wa kila kimoja umegawanyika mwishoni kama panda. Konokono mmoja anaweza kutoa mamia, hata maelfu, kwa siku moja. Ndiyo maana mtumishi yule huvaa glavu.

Wanawafuga wazima pia ili wajue wanavyoishi, na dawa gani inawaua. Huwezi kumshinda adui usiyemjua chakula chake.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameona mayai ya kichocho katika maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa miaka ipatayo 3,000. Mnyoo wenyewe uligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mwaka 1851 katika mji wa Cairo. Lakini hata baada ya hapo watu hawakujua unaingiaje mwilini. Wengine walidhani unanywewa, wengine walidhani hupita moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alikwenda Misri, na huko alionyesha kwamba lazima mnyoo huo upitie kwanza kwa konokono.

Safari ya mnyoo

Mtu mwenye kichocho cha tumbo anajisaidia majini, au kando ya maji, na mvua inayachukua mavi mpaka ziwani. Mwenye kichocho cha mkojo anakojoa majini. Mayai ya mnyoo yamo humo. Yakifika majini yanaanguliwa, na kila yai linatoa kijidudu kidogo sana. Kijidudu hiki kina muda wa siku moja tu hivi kumpata konokono. Asipopatikana, kinakufa.

Kikimpata kinaingia mwilini mwake. Humo kinazaana kwa muda wa wiki nne hivi au zaidi. Kisha wale wenye mikia wanaanza kutoka, hasa wakati wa jua, tangu kama saa nne asubuhi hadi alasiri. Hiyo ndiyo saa watoto wanapotoka shule wakaingia kuogelea. Vijidudu hivi navyo maisha yao ni mafupi, hawapiti siku mbili. Lakini vikiigusa ngozi ya mtu vinapenya kwa dakika chache tu. Huhitaji kunywa maji hayo. Huhitaji kuwa na jeraha. Kusimama majini na kufua kunatosha.

Ndani ya mwili vinasafiri kwa damu mpaka viwe minyoo mizima, dume na jike. Jike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka nje. Mengine hunasa katika ini, utumbo au kibofu, na hayo ndiyo yanayoharibu mwili. Minyoo hii huishi kwa miaka.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa alisimama. Alikuwa hajasema neno tangu mwanzo.

"Bwana Afya, mwanangu ana miaka tisa. Tumbo limevimba, mikono imekonda. Choo chake kina damu. Nyumbani wamesema amerogwa. Tumetoa mbuzi wawili."

Bwana Afya alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, hapa siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ni kichocho. Damu katika choo ina sababu nyingi. Kesho asubuhi mlete zahanati, na choo chake mkilete katika kikopo safi chenye kifuniko. Tutapima. Yakionekana mayai, dawa ipo."

Huyo mzee mvuvi naye akasema kwa sauti ndogo kwamba enzi za ujana wao, mvulana akikojoa damu wenzake walimwambia amekuwa mwanamume. Wengi walicheka kidogo, lakini si kama mwanzo.

Dawa na kipimo chake

Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Tufanye hesabu. Mtoto ana kilo 30. Zidisha 30 kwa 40, unapata miligramu 1,200. Kidonge kimoja kina miligramu 600. Kwa hiyo mtoto huyu atapewa vidonge viwili. Hesabu hii ni ya kutufundisha tu. Anayepima mgonjwa na kutoa dawa ni mganga wa zahanati. Shuleni wakati mwingine hutumia mti wenye alama za urefu badala ya mizani.

Afadhali mtu ale kwanza ndipo ameze, kwa maana dawa hii inaweza kuleta kizunguzungu na maumivu ya tumbo kwa muda mfupi.

Dawa huwaua minyoo wakubwa. Wale wachanga walioingia karibuni yaweza kuwakosa. Na haimkingi mtu asipate tena. Mtoto akitibiwa Jumatatu na Jumanne akarudi kwenye matete, atakuwa ameanza upya. Kwa hiyo dawa peke yake haitoshi. Lazima turudi kwenye tangi letu.

Kulivunja tangi

Darasa lilibishana kwa muda mrefu juu ya jambo hili. Kijana mmoja alitaka mrututu ununuliwe na kumwagwa mwaloni siku iyo hiyo. Bwana Afya alimzuia. Mrututu unaua samaki pia, na mwalo ndio shamba la wavuvi. Siku hizi ipo dawa nyingine, niklosamidi, nayo inaua samaki. Dawa hizi hutiwa na watu waliofundishwa, mahali palipochaguliwa na kupimwa, si mtu kujimwagia. Tena kumbukeni yule konokono mmoja aliyesalia.

Kuna habari nzuri kutoka Ethiopia. Mwaka 1964 mtaalamu wa nchi hiyo, Aklilu Lemma, alikuwa akichunguza kichocho katika mji wa Adwa. Aliona akina mama wakifua nguo mtoni kwa kutumia tunda la mti unaoitwa endodi, kwa kuwa lina povu kama sabuni. Chini ya pale walipofulia aliona konokono wengi wamekufa. Akalichunguza tunda lile, na ikathibitika kwamba linaua konokono. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo kwa kazi hiyo. Tunaipenda habari hii kwa sababu mwanzo wake ni karai la kufulia. Lakini matunda hayo pia yanaweza kuua samaki.

Mwisho darasa lilikubaliana hivi. Upande wa matete pangesafishwa. Magugu yangekatwa na kutupwa mbali na maji, ili mawimbi yapige na konokono wakose pa kutagia. Wenye kukata wangevaa mabuti marefu na glavu za mpira. Asiye navyo asiingie majini. Makombo yangetiwa shimoni. Kufua kungefanywa nchi kavu, juu ya jiwe, kwa maji yaliyotekwa.

Maji ya kuogea je? Yachemshwe, au yatekwe na kuwekwa katika pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kamili. Kwa muda huo vile vijidudu vya mkia vitakuwa vimekufa. Lakini pipa lisiwe na konokono hata mmoja. Akiwemo, kila siku ataongeza wengine. Chuja kwa kitambaa wakati wa kuteka. Ya kunywa chemsha kila mara, maana kichocho si ugonjwa pekee wa majini.

Na choo. Hapa Bwana Afya alisema kwa ukali kidogo, nasi tunamuunga mkono. Alisema kijiji chenye redio katika kila nyumba na choo katika nyumba moja moja kisilalamike juu ya konokono. Konokono anazaliwa akiwa safi. Kichocho anakipata kwetu.

Wanaofuga kwa kupenda

Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaofuga konokono wa maji nyumbani kwa ajili ya kuwatazama tu, pamoja na samaki wa rangi. Hata katika miji yetu wapo. Yote tuliyosema juu ya maji, chokaa na chakula yanawafaa. Hakuna ubaya, ila mambo mawili. Usichukue konokono wa ziwani au wa bwawani ukamtia katika chupa ili watoto wacheze naye. Umekwisha jua anachoweza kutoa. Na ukichoka kufuga, usiwamwage konokono wako mtoni wala mferejini.

Yupo konokono mmoja mkubwa wa Amerika ya Kusini. Hutaga mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua, nje ya maji. Miaka ya kama 1980 alipelekwa Asia ili afugwe kwa chakula. Soko likawa baya. Akaachiliwa, akaingia katika mashamba ya mpunga na kula miche michanga. Mwaka 2020 aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya. Mkulima wa mpunga akiyaona mayai hayo ya waridi, ampelekee habari Bwana Shamba upesi.

Mtoto wa yule mama alipelekwa zahanati asubuhi iliyofuata. Mayai yalionekana. Alipewa vidonge viwili. Wiki iliyofuata mama yule alikuwa mmoja wa waliokuja na panga kukata magugu. Mabuti aliazima.

Maswali

1. Kwa nini mfugaji huyaacha maji ya bomba wazi kabla ya kuyatia tangini?
2. Gamba la konokono lina mabaka meupe na vishimo. Limekosa nini?
3. Kijidudu kilichotoka katika yai kina muda gani wa kumpata konokono?
4. Mtu ana kilo 60. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo. Atahitaji miligramu ngapi? Ni vidonge vingapi vya miligramu 600?
5. Kwa nini Bwana Afya alimkataza kijana kumwaga mrututu mwaloni?
6. Pipa la maji limekaa siku mbili, lakini ndani kuna konokono. Je, maji hayo yanafaa kuoga? Eleza.

Kazi ya darasa

Nendeni pamoja mahali mnapoteka maji. Msiingie majini. Simameni ukingoni mtazame: maji yametulia au yanakwenda? Magugu yapo? Makombo yanatupwa wapi? Choo cha karibu kiko hatua ngapi? Andikeni majibu katika madaftari yenu, kisha myasome mbele ya darasa.